Oili Nyeusi Isilale Ndani ya Injini

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba acha kunipepea na hilo gazeti, si joto linaloniua, ni kinyaa. Fungeni mlango, lakini dirisha la upande wa banda liacheni wazi, maana kuna sauti ninayoisubiri kutoka huko chini. Pumzi niliyonayo ni ya kuazima, kwa hiyo msinikatize.

Kitazameni kitambaa hiki. Asubuhi nilimtuma dada yenu bandani achomoe kijiti cha kupimia oili kwenye injini ya boti yetu, akipanguse, aniletee kitambaa hapa kitandani. Nuseni. Ni nyeusi kama masizi ya sufuria, inanuka kuungua, na ukiisugua kwa vidole unasikia chembechembe. Hiyo ndiyo oili mliyoilaza ndani ya injini tangu ziwa lipungue na gati kubaki juu ya matope, na mlikusudia ikae humo miezi minne mpaka maji yarudi. Boti mmeipaka rangi, viti mmevisugua, na wewe kitinda mimba ukaipiga picha ukajisifu kwa watu. Uso mmeupaka poda, meno hamjapiga mswaki!

Na nilipouliza, nikajibiwa nini? "Mama, tutabadilisha msimu ukifunguka, oili mpya ikalale bure ya nini?" Yalinitia kinyaa. Si kwa kuwa maneno hayo ni ya kijinga, bali kwa kuwa ni yangu, yalitoka kinywani mwangu miaka kumi na tisa iliyopita, nanyi mmeyarithi hata kabla sijafa.

Baba yenu alipofariki aliniachia ninyi wawili na dada yenu, na boti ya kuvusha abiria, na fundi wake alikuwa mdogo wangu, huyo mjomba wenu niliyewakataza kumtaja. Kila tulipokaribia kuilaza boti, alikuwa anawasha injini mpaka ipate moto, anaizima, kisha analala chali na kufungua nati ya chini, maana oili ya moto hutoka na uchafu wake wote, ila ikipoa huuacha umeganda chini. Anabadilisha chujio, anamimina oili mpya, anawasha tena dakika chache ili hiyo mpya ipite kila mahali, ndipo anaifunika. Mwaka ule nikamzuia. Akaniambia, "Dada, oili iliyofanya kazi msimu mzima ina asidi na ina maji. Ukiilaza humo haitalala, itakula." Nikamcheka mbele ya wapakizi: "Injini iliyozimwa inaliwa na nini, panya?" Wakaangua kicheko wote. Yeye akaweka spana chini.

Msimu ulipofunguka niliimwaga ile nyeusi, nikaweka mpya, nikajiona mjanja. Siku ya tisa, katikati ya ziwa, tukiwa na abiria thelathini na mmoja, injini iligonga mara tatu, ikakamata, haikuzunguka tena. Tulirudi tukivutwa kwa kamba. Na pale gatini, watu wakiwa bado wameshika mikononi viatu walivyovua wakidhani wataogelea, nilimnyooshea mjomba wenu kidole, nikamwita mlevi, mharibifu, nikamwambia asikanyage tena kizingiti changu na hiyo mikono yake michafu. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe! Akaenda zake, na tangu siku hiyo anatengeneza pampu za watu, mitaa mitatu kutoka hapa, nami nikipita nageuza uso kama ninayepita jalalani. Kifungua mimba, ulikuwa na miaka kumi ulipomtemea mate njiani. Nilikuona. Nikanyamaza, na moyoni nikafurahi.

Sasa sikieni nililolificha. Fundi mgeni alipoifungua ile injini aliniwekea beringi mkononi, imechimbika kama jino bovu. Akaniuliza, "Mama, mliilaza na oili ya zamani?" Nikasema sijui. Beringi hiyo imo ndani ya kopo la vifungo, chini ya cherehani yangu, kaitazameni mkinizika. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami kifo kimeshavua viatu mlangoni. Msidhani nawakunjia pua ninyi peke yenu. Nikikinusa hiki kitambaa najinusa mwenyewe.

Nyumba ni ya dada yenu, maana ndiye aliyenigeuza na kunisafisha bila kukunja uso, na cherehani pia ni yake. Boti ni yenu watatu, msiiuze wala msiigombanie. Lakini injini, na ufunguo wa banda, na kila spana iliyotundikwa ukutani, ni mali ya mjomba wenu. Bila yeye mna sufuria kubwa iliyopakwa rangi. Mkitaka iende, mtamwamkia kila asubuhi, na akisema mwaga, mnamwaga, kabla ya kulaza, si baada ya kuamsha. Msimu ukifunguka chomoeni kijiti mtazame: oili ikiwa safi, anzeni kazi, ikiwa imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mwageni tena na asinung'unike mtu.

Nyamazeni. Hiyo... mnaisikia? Dada yenu nilimtuma akamwite. Sikujua kama atakuja, mimi nisingekuja. Anaipasha moto. Miaka kumi na tisa, na bado anaisikiliza kwanza kabla ya kuiongezea mwendo. Haya, ameizima. Sasa yuko chini, chali, kwa umri ule. Kifungua mimba, unangoja nini? Shuka ukamshikie beseni! Na ikikumwagikia, nyamaza.

Wewe kitinda mimba, niinue kidogo. Mto... hapo hapo. Usilie, unanitikisa. Ukija kuwa na watoto, ukikosea, waambie siku hiyohiyo, ingali moto, usingoje ipoe. Mimi niliacha ikapoa.

Imewaka tena. Sikia ilivyo laini... Hiyo ni mpya. Imepita kila mahali. Sasa azime, aifunike.

Hizo ni hatua zake kwenye ngazi. Mbona zimesimama? Mdogo wangu, kizingiti nilikiweka mimi, na mimi nakiondoa. Ingia. Binti yangu, hapana, weka hilo taulo. Sabuni pia. Asinawe. Niliwaambia watu mikono hiyo ni michafu... nipe, nipe hivyohivyo ilivyo.

Ulisema kweli. Na nilijua. Wanangu, mmesikia? Nilijua.

Mungu awape... mikono kama hii. Awape na ulimi... usiokaa na kosa...

Wa moto. Mkono wako bado... wa moto.