Mkono wa Leocádia na Pumzi ya Jiboia

Padri Juvêncio, ndugu wa damu na wa ubatizo, majirani wa ng'ambo zote mbili za mto, nanyi mliopiga makasia tangu jua halijachomoza ili mumwahi marehemu, familia ya Furtado na familia ya Moraes zimemtuma Abdias Furtado, mdogo wa marehemu na katekista wa kigango hiki, asome habari za maisha ya dada yake, naye anaomba radhi mapema kwa sababu elimu yake ni ya darasa la tatu, na kwa sababu marehemu aliacha sharti kwamba habari hizi zisomwe zote, hata zile ambazo msomaji angependa zifukiwe pamoja na jeneza.

Leocádia Furtado Moraes alizaliwa Alhamisi, tarehe 13 Desemba 1951, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, hapa hapa Kona ya Jenipapo, wilaya ya Cametá, mtoto wa kwanza wa marehemu Hermínio Furtado na marehemu Perpétua, akabatizwa Juni mwaka uliofuata kwa kuwa siku hizo padri alipita mara moja kwa mwaka, na katika watoto wanne wa nyumba hiyo wawili walitangulia wakiwa wachanga, wakabaki yeye na Abdias aliyezaliwa mwaka 1958, ambaye alimbeba kiunoni mpaka mtoto akawa anaburuza miguu chini, na hata uzeeni alikuwa akiwaambia watu kwamba nyonga yake imepinda kwa uzito wa katekista.

Alisoma kuanzia mwaka 1960 hadi 1963 nyumbani kwa mwalimu Zulmira, akafika darasa la tatu, akajua kusoma, kuandika na kugawanya, kisha mama akaugua kifua, na Leocádia akaacha kalamu akashika kisu cha kumenyea muhogo.

Kazi ya maisha yake ilikuwa katika nyumba ya unga, tangu Februari 1964, kumenya, kukuna, kukamua na kukaanga unga wa muhogo juu ya kikaango kile kipana cha chuma, na mwaka 1966, panya walipomaliza nusu ya mahindi ya mbegu, baba alirudi kutoka msituni na kikapu chenye kifuniko, ndani yake nyoka wa aina ya jiboia, jike mchanga wa urefu wa mkono wa mtu mzima, akamwachia ghalani akasema, "Huyu ndiye mlinzi, hali muhogo na habweki," akamkabidhi Leocádia amwangalie, nasi tukamwita Bibi Ghala.

Walioingia ghala lile wanakumbuka kwamba nyoka yule hakuwa na sumu, meno yake yalipinda kuelekea kooni ili kilichoingia kisirudi, akishameza panya mkubwa alilala wiki mbili bila kutaka salamu ya mtu, na karibu na mkia wake palikuwa na vikucha viwili vidogo ambavyo baba alituonyesha akisema, "Hii ndiyo miguu yake ya zamani, aliacha kuitumia akaona hajapungukiwa," na kwa miaka kumi akawa mnene kama paja na mrefu kuliko mlango. Leocádia alimtazama kuliko sisi wote, na ndiye aliyegundua kwamba Bibi Ghala alipomzungushia panya mwili wake alikuwa akisikiliza, moyo wa panya ukiwa bado unapiga alikaza, ukinyamaza alilegeza, ingawa nyoka hana sikio la kuonekana, anausikia moyo wa mwenzake kwa ngozi na nyama, na alipokaribia kujivua gamba macho yake yaliingia ukungu wa maziwa, akawa haoni vizuri, akamfokea kila aliyemkaribia kwa mfoko mrefu wa hewa, na mfoko huo ndio wazee wetu waliouita pumzi ya jiboia, wakafundisha kwamba ukimpata mtu humwotesha mabaka mwilini.

Tarehe 27 Juni 1970, siku ya Jumamosi, Leocádia alifunga ndoa na Genésio Moraes, fundi wa mitumbwi, ambaye alipokuja kuposa aliinua macho akamwona Bibi Ghala amejinyoosha juu ya boriti, akabaki na kofia mkononi, baba akamwambia, "Kijana, kama huyu anakutisha, binti hutamweza," na Genésio akajibu, "Mzee, huyu nimeshamzoea, ninayemwogopa ni yule anayekuna muhogo," na waliishi pamoja miaka thelathini na mitano mpaka Genésio alipofariki mwaka 2005, wakajaliwa watoto watatu, Socorro mwaka 1971, Natanael mwaka 1974 na Marinete mwaka 1979, wote wamekaa hapa kwenye benchi la mbele.

Sasa inafuata habari ya ugonjwa, na mnaombwa uvumilivu.

Mwezi Agosti 1986 lilitokea baka jeupe kwenye mkono wa kushoto wa marehemu, chini ya kiwiko, dogo kama jani la mpilipili, haliwashi wala haliumi, na kwa kuwa wiki ile ile Bibi Ghala alikuwa na macho ya ukungu na alimfokea Leocádia akivuta gunia, mji mzima ulikubaliana kwamba ni pumzi ya jiboia, na aliyelisema kwa sauti kuliko wote alikuwa Abdias, aliyempaka mafuta ya mti wa kopaiba, akamsomea sala siku tisa, akamwambia, "Dada, usilikune, litaondoka lenyewe," naye akajibu, "Nitalikunaje, mdogo wangu, na wala silisikii?" na neno hilo Abdias alilisikia vizuri, akalipita.

Analolikiri leo mbele ya Mungu na mbele yenu ni hili, kwamba baba alikuwa na kaka yake aliyeitwa Tibúrcio, aliyechukuliwa mwaka 1949 kupelekwa kambi ya wakoma, asirudi, na Abdias alikua akisikia mama akinong'ona jinsi baka la Tibúrcio lilivyoanza, dogo, jeupe, lisilowasha, kwa hiyo alijua, hakujua kwa kitabu, alijua kama mtu anavyojua mtumbwi unavuja kabla hajaona maji, lakini alichagua kumsingizia nyoka, kwa sababu nyoka hapelekwi kambini na hajitetei. Tarehe 8 Machi 1988 mashua ya afya ilitia nanga hapa gatini, muuguzi akamfuata Abdias kama kiongozi wa kigango, akamuuliza, "Katekista, kuna mtu ana mabaka yasiyo na hisia?" naye akajibu, "Hapa kwetu hakuna, binti, labda mwende kijiji cha chini," na mashua ikaenda kijiji cha chini, na Leocádia wakati huo alikuwa nyumba ya unga, hatua themanini kutoka pale gatini, anakaanga.

Jumanne, tarehe 14 Novemba 1989, wanawake waliokuwa wakikaanga naye walisikia harufu ya nyama inaungua, wakaulizana nani ameweka samaki jikoni, kisha Nazira, jirani yake, akamwambia, "Cadí, mkono wako, toa mkono wako," naye akaangalia chini akaona mkono wake wa kushoto umelala juu ya kikaango, akauinua polepole kama mtu anayeinua kitu cha jirani, na jioni alimwambia mdogo wake maneno ambayo hayajamtoka mpaka leo, akasema, "Bibi Ghala anasikia moyo wa panya kwa ngozi yake, na mimi sisikii hata moto."

Hata hapo Abdias hakusema alichokijua, bali alishika imani nyingine ya wazee, kwamba nyoka akifa baka hufa naye, na Jumapili, tarehe 3 Desemba 1989, akitoka kuongoza sala katika kigango hiki, na kanzu yake ikiwa bado begani, aliingia ghalani na panga akamuua Bibi Ghala, ambaye hakukimbia kwa sababu miaka ishirini na mitatu hakuna mtu aliyemdhuru, na alipompasua ili achukue mafuta ya kumpaka dada yake alikuta watoto, kwa maana jiboia hatagi mayai kama nyoka wengine, huwalea tumboni na kuwazaa wazima, nao walikuwa ishirini na sita, wamejikunja kila mmoja ndani ya ngozi nyembamba kama ya kitunguu, na kumi na mmoja walikuwa wanapumua. Leocádia alikuja na mkono wake umefungwa vitambaa, akawatoa mmoja mmoja kwa mkono wa kulia akawatia katika ungo wa unga, hakulia, hakumtukana mtu, akamwambia tu mdogo wake, "Haya, sasa mkono wangu umepona?" kisha akaenda nao msituni, akarudi na mmoja akamwachia ghalani, na hakuzungumza na Abdias mpaka Pasaka.

Mwezi Mei 1990 alipanda mtumbwi na Marinete akaenda Cametá bila kumuaga mtu, huko muuguzi akamwambia afumbe macho, akamgusa kwa pamba akamwambia aseme anapoguswa, na ikajulikana siku hiyo hiyo kwamba ni ukoma, na kwamba siku hizi mtu hapelekwi kambini, anapewa vidonge anarudi nyumbani kwake, akavimeza miaka miwili bila kukosa, akatangazwa amepona tarehe 19 Juni 1992, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshajikunja na hisia haikurudi, na daktari alimwambia kwamba kama angekuja miaka miwili mapema vidole vile vingekuwa vizima, na miaka miwili mapema, ndugu zangu, ni ile tarehe 8 Machi.

Tangu hapo marehemu alijifanya mtumishi wa ugonjwa uliomtumikisha, akafuatana na mashua ya afya kijiji kwa kijiji kwa miaka ishirini, akibeba mfukoni kipande cha sufi badala ya pamba, akiwaonyesha watu vidole vyake akisema, "Hii siyo kazi ya jiboia, jiboia hana habari na wewe, hii ni kazi ya kunyamaza," akiwafumba macho wazee na watoto, akiwagusa, na mtu akibahatisha alimwambia, "Fungua macho, unanidanganya kama Genésio alivyokuwa akimdanganya padri," na muuguzi Edilene ameandika katika daftari lake watu kumi na saba ambao Leocádia aliwagundua wakawahi dawa, baadhi yenu mmo humu ndani na vidole vyenu vyote kumi.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2012, miguu ikawa inavimba, akalazwa mara mbili, akaomba kurudi nyumbani, akapokea Mpako Mtakatifu Jumapili, na Jumatano, jana, tarehe 9 Aprili 2014, saa kumi na moja alfajiri, alifariki akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkono wake ukiwa katika mkono wa Socorro, ambaye anasema mapigo yalikwenda yakipungua mpaka hayakuwapo, naye akalegeza mkono.

Watu wengi tangu jana wanampongeza Abdias kwa ujasiri wa kutolia, naye anataka kusema kweli kwamba si ujasiri, ni ganzi, amekaa anaangalia mishumaa kama anaangalia mishumaa ya watu wengine, na anamwomba Mungu amrudishie maumivu kwa wakati wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Cametá, kwa namna ya pekee muuguzi Edilene aliyekuja kila Ijumaa hata mvua ilipofunga mto, wenzake wa mashua ya afya, wanawake wa nyumba ya unga waliokaanga zamu zake, Nazira na majirani wote waliopika tangu jana, na mafundi waliochonga jeneza kwa mbao ambazo Genésio aliziacha, na wale wanaoingia ghalani kuchukua unga wanaombwa wasimsumbue yule jiboia, mtoto wa Bibi Ghala, kwa kuwa tangu Jumatatu macho yake yana ukungu, anajivua gamba, akifoka anafoka hewa tupu.

Limebaki jambo moja katika yale aliyoagiza. Mwezi Februari mwaka huu, Abdias alipokwenda kumpelekea samaki, marehemu alimwona havui shati la mikono mirefu katika joto lile, akamwambia, "Njoo hapa, mdogo wangu, fumba macho," akakunja mkono wa shati, na nyuma ya kiwiko palikuwa na baka ambalo Abdias amelificha miaka mitatu, akatoa sufi yake, na Abdias akawa anasema "sasa" kila aliposikia kitanda alichokalia dada kinalia, kisha dada akamwambia, "Fungua macho. Umesema sasa mara tano. Nimekugusa mara mbili." Hakumkaripia, alimwambia kwamba akifa, habari za maisha yake atazisoma Abdias, na atazisoma zote, naye Abdias akaahidi kwenda Cametá wiki ile ile, hakwenda, akaahidi tena mwezi Machi, hakwenda.

Muuguzi Edilene, umekaa pale karibu na mlango, tafadhali usipande mashua baada ya maziko kabla hujaonana na anayesoma, naye ameshafungua kifungo cha mkono wa shati.

Dada Leocádia, ulichotaka kisomwe kimesomwa chote, sasa lala, mkono wako upumzike.