Barua Ambayo Mama Tarehe Hakuisaini

Wazee wetu, ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mtoto wa pili wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, nami nawaomba mnivumilie, kwa kuwa mama mwenyewe aliipitia karibu yote, na palipokuwa na sifa za kupitiliza alizifuta kabla hamjapata nafasi ya kuguna.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya watano wa karani wa ghala na mshonaji wa nguo. Tarehe hiyo tuna hakika nayo kwa sababu babu aliiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wa ghala, na mlango ulipobadilishwa akamsihi fundi amkatie kile kipande cha ubao, ambacho mpaka leo kiko sebuleni kwetu. Wadogo zake hawakubahatika kupata mlango, wakawa wanakisia, na mama mdogo aliyekaa pale mbele amekuwa na miaka sitini kwa mwaka wa nne sasa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi na ukunga mwaka 1974, akahitimu mwaka 1977, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo akaanza kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyo juu ya barabara hii, alikofanya kazi kwa miaka thelathini na minane na miezi saba bila kuhama. Pamoja na kuzalisha, alikabidhiwa daftari la vizazi, na hapo ndipo alipopewa jina la Mama Tarehe, kwa kuwa hakuna baba aliyetoka na mtoto bila kuitamka tarehe, saa na dakika, na aliyekosea alirudishwa kwenye benchi akatulie kwanza.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, tarehe 7 Julai 1979, baada ya kumpelekea gurudumu lililotoboka akiwa anawahi zamu, na baba amekiri mwenyewe kwamba kazi ya robo saa aliifanya kwa saa mbili kwa makusudi, ili ajue anaishi wapi. Mungu aliwajalia watoto watatu, dada yetu mwalimu aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1981, mimi fundi umeme niliyezaliwa Jumapili tarehe 29 Desemba 1985, na kitinda mimba wetu aliyezaliwa tarehe 16 Juni 1990. Mimi nilizaliwa katika wodi ileile ya mama, na saa tatu baada ya kujifungua aliomba aletewe daftari, akaniandika kwa mkono wake, kwa kuwa mkunga wa zamu, ambaye yupo hapa na anacheka, alikuwa na mwandiko wa kuku.

Ndugu waombolezaji, sehemu inayofuata niliiruka nilipoandika mara ya kwanza, na nitawaambia baadaye kwa nini nimeirudisha.

Mwaka 2003 nilichaguliwa kuwa mshambuliaji wa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, iliyokuwa inakwenda kwenye mashindano ya kimataifa, nikapewa jezi namba tisa, na mtaa mzima ukawa unaniita Tisa, hata wasiojua mpira ni duara au pembe nne. Kanuni ilitaka mchezaji awe amezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1986, nami nilikuwa nimewahi kwa siku tatu. Jumanne tarehe 11 Februari meneja wa timu na katibu wake wakaja nyumbani na barua iliyokwisha kupigwa chapa, inayosema kwamba daftari lilikosewa na kwamba nilizaliwa tarehe 2 Januari, kikabaki kitu kimoja tu, saini ya mama. Walimweleza kwa heshima kwamba ni tofauti ya siku nne, kwamba kipimo cha umri kinachofanywa kwa picha ya kifundo cha mkono nimekipita, na kwamba hakuna picha duniani inayojua siku nne. Mama akawaomba wamwachie barua mpaka kesho.

Hakuwajibu wao kwanza, alinijibu mimi. Alinikalisha jikoni, akazima jiko, akaniambia kwamba humo daftarini kuna watoto wasio na karatasi nyingine yoyote duniani, kuna wanawake ambao waume zao walihesabu miezi kwa vidole na daftari ndilo lililowatetea, na kwamba mstari mmoja ukidanganya kwa sababu ni wa mwanawe, hajui ni mstari upi utakaobaki umesimama. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia kwamba kuna mama wanaojua kupenda watoto wao. Akawasha jiko tena, akapakua chakula, nami sikukila, na kulipokucha nikahamia kwa mama mdogo, nikakaa miezi saba na siku tisa bila kumpa hata salamu.

Meneja alipofuata jibu, mama alimwambia hatasaini, akabaki na barua, na mtaani alisemwa sana, wengine wakauliza ni mama wa aina gani huyu, na muuza duka wetu aliacha kumwitikia. Siku ya nne baba akasema kwamba ingekuwa ni yeye angesaini, na ameniruhusu niliseme hilo leo. Mama aliendelea kwenda zamu kama kawaida, na kila Jumamosi alimtuma dada aniletee nguo safi, shati limepigwa pasi, soksi zimekunjwa mbilimbili, nami nilizipokea, kwa kuwa kiburi changu kilikuwa na mipaka, hakikukataa kupigiwa pasi.

Timu ilikwenda bila mimi, ikafungwa mechi mbili, ikatoka sare moja, na bao letu pekee lilifungwa na yule aliyechukua nafasi yangu. Nilisikiliza redioni jikoni kwa mama mdogo, nikafurahi na kulia kwa wakati mmoja, nikasingizia vitunguu. Jumapili tarehe 21 Septemba mama mdogo alinifungashia virago akisema anataka kupaka rangi chumba, chumba ambacho hakijapakwa mpaka leo, nikarudi nyumbani, na mama akaniambia chakula kiko kwenye sufuria, kana kwamba nilitoka kwenda dukani.

Mwaka 2005 umri wangu uliniruhusu kucheza mashindano ya vijana wa chini ya miaka ishirini, nikachaguliwa kihalali. Baada ya mechi ya pili timu pinzani iliwasilisha malalamiko kuhusu wachezaji watano wa kwetu, mimi nikiwemo, sote tumezaliwa katika wodi moja, na kama tungeshindwa kuthibitisha, timu nzima ingefungishwa virago. Wakaguzi wawili walifika hospitalini, wakaomba daftari, wakafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, wakakuta tarehe 29 Desemba 1985 kwa mwandiko wa mama, na pembeni yake imebanwa ile barua ya mwaka 2003, haina saini, chini yake ameandika kwamba tarehe iliyomo daftarini ni sahihi na mtoto ni wake. Wakamwambia daktari mkuu kwamba daftari lililomnyima mwana wa mwandishi wake halihitaji shahidi mwingine, na wote watano tukaruhusiwa siku hiyohiyo. Tulifika robo fainali, tukatolewa kwa penalti, nami katika mashindano yote nilicheza dakika ishirini na sita, nikapoteza mpira mara nyingi kuliko nilivyoupata, lakini tulikwenda na kurudi bila mtu yeyote kutunyooshea kidole, na wale wenzangu wanne ndio waliobeba jeneza pamoja nami asubuhi ya leo.

Nilirudi nikitaka kumshukuru, badala yake nikampa birika. Mwaka uliofuata nikampa viatu vya kazini, halafu redio, halafu miwani, na kila kitu alikipokea akasema ni kizuri.

Mama alistaafu tarehe 14 Machi 2016, na mwezi Novemba 2022 alianza kusumbuliwa na moyo, akawa anaingia na kutoka hospitalini. Agosti mwaka huu wa 2024 alitaka aione historia hii, kwa hiyo kila Alhamisi nilimsomea kipande, akasahihisha tarehe mbili, akafuta palipoandikwa kwamba hakuwahi kukosana na mtu, akisema nusu ya mtaa itainuka iondoke, na alipoona nimeruka mwaka 2003 akaniambia niurudishe, kwa sababu bila huo huyo anayezikwa ni mtu mwingine. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, cha shukrani, tuliahidiana kukisoma Alhamisi tarehe 10 Oktoba. Mama alifariki Jumanne tarehe 8, saa kumi na dakika ishirini alasiri, sote watatu na baba tukiwa kando ya kitanda.

Kwa hiyo nakisoma sasa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa karibu miaka miwili, majirani mliotupikia na kulala nasi tangu Jumanne, na kati yao muuza duka, ambaye alianza tena kumwitikia na tangu hapo hajaacha, wakunga wenzake wa wodi ya wazazi, na wachezaji wenzangu mliosafiri kutoka mbali.

Wa mwisho kwenye karatasi yangu ni yeye. Mama, asante kwa kutosaini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja ya kukwambia, nikachelewa kwa siku mbili. Pumzika kwa amani, mama yangu.