Mama Pasi na Makato Aliyoyanyamazia

Marehemu mdogo wangu, Mama Pasi, alikuwa binti wa mchimba visima ambaye hakuwahi kuacha shimo kavu, na mjukuu wa mkunga aliyewapokea duniani nusu ya wazee walioketi hapa. Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1958, mvua ikinyesha. Mimi ndiye niliyeshika taa.

Alisoma hadi darasa la saba, nilipoishia mimi pia, na kwa hesabu alinishinda. Nalisema mapema, maana mtakayoyasikia hayakutokana na ujinga.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapiga pasi hapo mpaka uzee. Koti lenye kifungo kilicholegea alilirudisha kwa mwenyewe: "Daktari asiyeona kifungo, mshipa ataupata wapi?" Mwaka 1982 aliolewa na mpaka rangi wa hospitali hiyohiyo, mtu mpole. Walijaliwa watoto watatu. Alimzika mwaka 2009.

Januari 2018 miguu ilimkatalia, akaacha kazi. Machi alikwenda kuchukua akiba yake ya uzeeni, mkwewe, mke wa kifungua mimba, akimbebea mkoba. Mkwe aliachwa kwenye benchi nje. Ndani, karani alimweleza mara mbili: akingoja Novemba atimize miaka sitini, kodi haitagusa hata senti, akizitoa kabla ya umri, karibu theluthi itakatwa. Alimjibu karani kwamba jasho ni lake, kodi haikuwahi kushika pasi. Haraka yote ile ilikuwa ya paa. Jirani alikuwa ameshaleta mabati ya nyumba yake, naye hakutaka kuachwa nyuma.

Fedha zilikuja pungufu, na jumla alikwisha kuitangaza sebuleni. Watoto walipouliza nyingine zimekwenda wapi, Mama Pasi alinyamaza. Kimya kile kikamwangukia aliyebeba mkoba. Miaka sita binti wa watu alipakuliwa chakula mwisho, akaitwa Mkono Mrefu mbele ya wanawe. Nasi wa ukoo huu, tunaojisifu kwa visima, tulicheka.

Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Aliyemwogesha na kumgeuza kitandani ni huyo Mkono Mrefu, na hakuna siku aliyomgeuza kwa hasira. Marehemu alifariki tarehe 2 Mei 2024, alfajiri, nyumbani kwake, chini ya paa lile.

Ameacha mkwe, ambaye namtaja kwanza makusudi. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, nami dada yake. Mungu amjalie usingizi mtulivu kuliko aliolala miaka hii.

Siku mbili kabla hajatutoka alinivuta upindo wa nguo, akasema:

"Dada, niliona aibu kusema nilionywa. Watu watakuja kunisifu. Wewe una sauti, wasomee hili kwanza, mkwe wangu akiwa ameketi mbele. Kisha udongo wa kwanza autie yeye. Akikataa, msimlazimishe."