Josepha na Ua Wake wa Mtaa wa Mchikichi

Dada yetu Josepha Vitalis alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Ndanda, wilayani Masasi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Nafasi ya sekondari haikupatikana, akabaki shambani na bibi, na huko ndiko alikojifunza kuyajua majani ya porini kwa majina.

Mwaka 1982 alikuja Dar es Salaam, akawa muuza mboga sokoni Kariakoo. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa na Bwana Ignasi, fundi cherehani wa Mtaa wa Mchikichi. Walijaliwa watoto wawili, Beno na Victoria.

Majirani waligeuza nyua zao kuwa stoo za mizigo, kisha maghorofa. Ua wa dada ulibaki udongo. Alipanda mchunga, mlenda pori, mshubiri na mtopetope, mbegu akizitoa kwetu kila alipokwenda kuzika. Vipepeo walikuja, na wale nyuki wadogo wasiouma. Rafiki yake, Bi Shamsa wa Upanga, aliwahi kumletea ua la kununua. “Zuri, mwenzangu,” dada alimwambia, “ila nyuki wangu hawalijui.”

Novemba 2024 figo zilianza kushindwa, miguu ikavimba, akalazwa. Mvua zilikuwa zinanyesha, na Beno aliogopa mama yake atakuja kuteleza kwenye tope. Aling'oa kila kitu, akamwaga zege uani kote. Waliopita kutoa pole walisema sasa kumependeza.

Siku aliyoruhusiwa, dada alisimama kwenye mlango wa uani akishikiliwa na Victoria.

“Beno, mwanangu, nyuki wameenda wapi?”

“Tumesafisha, mama. Usije ukaanguka.”

“Haya, baba. Ahsante.”

Hakumgombeza, maana alijua ni mapenzi. Lakini hakuomba tena kutolewa nje. Ilituuma sana, na bado inatuuma.

Alifariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 13 Mei 2025. Wiki ile alituusia: “Kaburi langu msilijengee. Na kitakachoota, kiacheni.” Najua desturi yetu ni kusakafia na kupalilia. Safari hii tutamsikiliza.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, mimi mdogo wake Athanas, na kopo la mbegu lililokuwa chini ya kitanda chake. Beno atazimwaga mbegu hizo juu ya kaburi kabla ya mashada. Pumzika kwa amani, dada. Hapa hatutamwaga zege.