Bi Bado na Seli za Miezi Saba

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alichelewa wiki mbili, na mama hakuacha kumtania kwa hilo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, sekondari 1978, na chuo cha maabara 1983.

Mwaka 1984 aliajiriwa maabara, chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Miaka kumi ya mwisho alilea seli za ubongo zilizooteshwa kutokana na seli shina za binadamu, yaani seli changa ambazo bado hazijawa za aina maalumu. Si zile zinazorushiana umeme, bali zile zinazozihudumia, kuzilisha na kuzisafishia. Seli hizo zikikomaa, umeme wake hushuka chini kabisa ya sifuri, ukatulia. Kila aliyeuliza kama zimekomaa alijibiwa, “Bado,” na jina likamganda.

Mwaka 1987 fundi redio alikuja kutengeneza kipimo cha umeme cha maabara. Alimaliza kwa saa moja, kisha akarudi mara sita kukikagua. Alipoposa, naye aliambiwa bado. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1989.

Agosti 2021 dada alianza kundi jipya la seli. Baada ya miezi mitatu umeme wake ulikuwa bado wa kitoto, haujashuka.

“Mama, hizi hazikui. Tutupe tu,” mkuu wa maabara alisema.

“Bado. Nipe mpaka zitimize miezi saba.”

Januari ugonjwa wa ini ukamlaza. Kitandani hakuulizia dawa, aliulizia seli kama zimekula. Tuseme ukweli, wadogo zake tulikasirika.

Tarehe 11 Machi mwenzake wa kazi aliingia wodini na koti lake jeupe.

“Dada, umeme wa seli umeshuka mpaka milivolti hasi themanini. Zimetulia.”

“Umepima ngapi?”

“Kumi na nane.”

“Zote?”

“Zote.”

Alifumba macho, akasema neno ambalo nyumbani hatukulizoea kinywani mwake: “Tayari.”

Alifariki tarehe 14 Machi 2022, saa nne asubuhi, mume wake amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na wadogo zake wanne. Tukimwombea pumziko, tunajua angeuliza kwanza kama seli zimelishwa leo.

Zimelishwa, dada. Sasa pumzika kwa amani.