Sahihi Kumi na Mbili kwa Mkono Mmoja

Mama zangu, leo sitaanza na wimbo. Nikiimba nitalia, na nimechoka kulia mbele yenu. Wacha niongee.

Mnajua nilikuwa chuoni Nakuru, nikisomea masters ya sera za jamii, yaani jinsi nchi inavyowaangalia wazee, wagonjwa na maskini. Kupita ni hivi: unaandika insha, unafanya mitihani, halafu unamaliza na tasnifu, utafiti wako mwenyewe. Ukianguka tasnifu, hata kama hizo zingine ulikuwa namba moja, huna digrii. Mimi hizo zingine nilizipita zote, tena vizuri. Nilitaka alama za juu niendelee na PhD, siku moja nifundishe.

Nilichagua kuandika kuhusu wazee wanaobaki peke yao shambani. Nikaja hapa nyumbani Subukia, nikakaa jikoni kwenu, kumi na wawili wenu. Mkanipa chai, mkanieleza mambo ambayo hata watoto wenu hamjawaambia. Sheria ya chuo ilikuwa kila mmoja atie sahihi fomu ya kukubali kabla sijauliza swali lolote.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hiyo fomu ilinishinda kuitoa kwenye mkoba. Ningemwambiaje mama aliyenibeba mgongoni aweke kidole kwa karatasi? Hapa kwetu tunazijua karatasi. Kuna watu walitia kidole, wakaamka shamba si lao. Niliona ni matusi. Nikarudi Kiamunyi, kule Nakuru, kwenye chumba nilichopanga, nikatia sahihi zote mwenyewe. Nikabadilisha kalamu mara tatu, eti mimi mjanja.

Msigune, bado sijamaliza.

Mtahini aliona mara moja kwamba zote ni za mkono mmoja. Nikaitwa mbele ya jopo, mmoja akaniuliza, "Hawa kina mama wapo kweli, ama umewatunga?" Nikasema, "Wapo. Ni mama zangu." Akacheka. Kile kicheko kinaniwasha mpaka leo! Tasnifu ikaanguka. Nikaambiwa nitarudia mara moja tu, nianze mahojiano upya, na hata nikiandika namna gani sitapata zaidi ya hamsini.

Na nyinyi je? Mnisamehe, lakini nitasema. Habari ilifika hapa kabla yangu. Mkasema nimeuza majina yenu mjini. Nikipita, mlango unafungwa. Wengine mko hapa sasa hivi, mnaangalia viatu vyenu. Iliniuma kuliko lile jopo, na mbaya zaidi ni kwamba sababu niliwapa mimi.

Mmoja alinifungulia. Simtaji, anajijua. Nilipiga magoti nikamwambia nilichofanya.

"Ulidhani naogopa karatasi?" akaniuliza. "Uliniibia nafasi ya kukataa. Haya, isome hiyo fomu."

Nikaisoma yote. Akauliza maswali, akanirudisha nyuma mara mbili, kisha akasema, "Hayo niliyokuambia ya marehemu mzee wangu, yatoe. Nilikuwa naongea na mtoto wangu, si na chuo." Mama zangu, kwenye tasnifu ya kwanza hayo yalijaza ukurasa mzima. Nilikuwa nimejivunia ule ukurasa.

Akatia kidole. Akavaa sweta, akanipeleka nyumba kwa nyumba. Watatu walikataa, wengine wote wakakubali.

Nimepita. Hamsini. PhD inataka sitini, kwa hivyo huo mlango umefungwa, na siwadanganyi kwamba nimeridhika. Bado nina hasira, na sehemu kubwa najikasirikia mwenyewe.

Asante mama uliyenifungulia. Asanteni nyote mliotia kidole. Na nyinyi watatu mliokataa, sijawahi kuwashukuru: asanteni. Mtu akikupenda, usijifanye unajua atakachosema. Muulize, halafu ungoje jibu.

Tasnifu yenyewe iko hapa mezani. Mama, njoo wewe wa kwanza, uhakikishe ule ukurasa haumo.