Kitunguu Saumu cha Rino

Ndani ya basi la Napoli, Donna Titina alikuwa amenuna. Mama aliyeketi kando yake akamuuliza, "Kulikoni, dada, umefiwa?"

"Nilifiwa na mume nikavumilia. Hili sivumilii! Rino Sgambati, mwimbaji wangu miaka arobaini, kasema redioni mchuzi wa Jumapili anautia kitunguu saumu."

"Saumu, badala ya kitunguu maji tulichoachiwa na bibi zetu wa Napoli? Huyo sauti anayo, mama wa kumfunza jikoni hana!"

"Koma! Mamake Rino usimguse."

Mkobani mwa Titina mlikuwa na picha mbili, ya marehemu na ya Rino, na iliyochakaa kwa kushikwashikwa haikuwa ya marehemu. Basi likasimama sokoni. Akashuka, akaangaza huku na huku, akamnong'oneza muuza mboga, "Nipe saumu kidogo. Funga vizuri, jirani wasinuse."